Maji Yanayomfaa Dolphine

Dolphine Nekesa ni fundi wa nguo huko Nyamasaria, na kwa miaka mingi ndiye aliyeshona majoho meupe ya kila aliyebatizwa katika kanisa lao. La kwake lilikuwa bado kitambaa. Kanisa lile humzamisha mtu mzima mzima ziwani, na Dolphine, aliyelelewa Bungoma kando ya kijito cha kufika magotini, aliyaogopa maji kuliko alivyomwogopa Shetani. Hilo hakulisema. Alisema, "Mchungaji, mimi sikatai. Natafuta tu mahali pazuri."

Mchungaji Owiti alikuwa mpole, lakini si mjinga. Jumapili moja akamjibu mbele ya watu, "Sawa, Mama. Tafuta. Ukipata, kanisa zima litakufuata huko huko."

Ikabidi atafute. Mumewe Ondiek, mzaliwa wa Luanda Kotieno, kando ya ziwa, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kuvaa suruali, akajitolea kumtembeza, uso wake ukizuia kicheko kwa shida.

Walianza Dunga, ufuko wa wavuvi. Dolphine alisimama mbali na ukingo, akalikagua ziwa kama anayekagua kitambaa chenye kasoro. Mashua zilikuwa nyingi mno. Upande mmoja magugumaji yalikuwa yamefunika kila kitu. Isitoshe, wauza samaki wa pale walikuwa wateja wake, na nusu yao walikuwa wakingoja nguo alizowaahidi wiki iliyopita.

"Na viboko?" akamuuliza mvuvi mmoja.

"Hao hutoka jioni, Mama."

"Mchana wako wapi?"

Mvuvi akaonyesha kwa kidole. "Ndani ya maji."

Dolphine alirudi barabarani bila kuaga.

Wakajaribu bwawa la hoteli moja mjini. Maji yalikuwa safi, sakafu inaonekana, na kuna chuma cha kushikilia. Dolphine alikuwa karibu kukosa kisingizio, ndipo mhudumu alipoeleza kwamba joho haliruhusiwi, ila nguo ya kuogelea tu. Akamwonyesha moja. Dolphine aliigeuza huku na huku mkononi.

"Hii imeisha kushonwa?" akauliza.

Ondiek alitoka nje kwenda kukohoa.

Mwezi uliofuata walikwenda Luanda Kotieno kumwona mama mkwe, Mama Dorca. Aliposikia habari ile, mama huyo aliwapeleka mbali kidogo na kituo cha feri, penye mchanga mtupu, ambapo mtu hutembea na kutembea na maji bado yako kiunoni. Dolphine alitafuta kasoro kulia na kushoto.

"Maji ni baridi, Mama."

"Umeyagusa?"

Hakuwa ameyagusa. Ondiek akampigia mchungaji simu papo hapo.

Waliporudi nyumbani, usiku haukumpa Dolphine usingizi, lakini kazi ilimpa faraja. Akashona joho lake, na ili lisije likaelea na kumwaibisha, akatia ndani ya upindo vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu zizame. Alitia vingi. Fundi mwenye hofu hapimi.

Siku ilipofika, kanisa lilipanga mstari ufukweni likiimba. Mchungaji akamshika, akatamka maneno ya ubatizo, akamlaza majini. Kumlaza kulikuwa rahisi. Alipotaka kumwinua, joho lilikataa. Akavuta, akateleza, akazama yeye. Nyimbo zilikatika. Dolphine, aliyekuwa amefumba macho akingoja kufa, alipapasa kwa miguu akakuta mchanga. Akasimama. Maji yalimfika kiunoni, kama alivyoambiwa. Akamwona mchungaji akitapatapa kando yake, akamshika kwapani na kumnyanyua.

"Pole, Mchungaji," akamwambia. "Chini kuko hapa hapa."

Mchungaji akatema maji. "Asante, Mama. Nafikiri sote tumebatizwa."

Watu waliondoka kwenda kula. Dolphine alivua joho lile zito, akabaki majini na gauni la ndani pamoja na Mama Dorca, akilipiga ziwa kwa viganja, akiuliza mtu huelea vipi. Mama mkwe akamwekea mkono mmoja mgongoni, na baada ya muda akautoa bila kumwambia.

Sasa huenda huko kila wanapopata nafasi, akiwa na nguo ya kuogelea aliyojishonea, yenye mikono na inayofika magotini. Kule Nyamasaria, mteja akitaja kuogelea, humkatisha na kumweleza ufuko upi una matope, upi una viboko na upi unafaa, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ziwani. Ondiek hutoka nje kwenda kukohoa. Wakiwa Luanda Kotieno, humwita mkewe mara tatu kuwa samaki mezani wanapoa, naye hujibu akiwa chali juu ya maji, macho mbinguni, "Anzeni tu."