Fundi Redio Aliyemshtaki Mkewe

Fundi redio alikuwa akijisifu mtaa mzima kwamba sikio lake hunasa mkwaruzo ambao wengine hawausikii. Basi alipokwenda mahakama ya familia kulalamika kwamba mkewe hamsikilizi, alijiona ameshashinda kabla hajaitwa.

Hakimu akawapeleka kwanza kwa mama msuluhishi, kwenye chumba chenye meza moja na feni mbovu. Fundi akamwaga yake nusu saa nzima. Mkewe, mshona nguo, akaeleza yake kwa dakika tatu tu.

"Baba, hebu turudie alichosema mwenzako," msuluhishi akasema.

Fundi akakohoa. "Amesema... nikichelewa kurudi, chakula kinapoa."

"Hilo sijalitaja," mkewe akajibu. "Nimesema mama yangu anaumwa tangu mwezi uliopita, na wewe hata siku moja hujaniuliza hali yake."

Jasho likamtiririka. Ukweli ni kwamba mkewe alipokuwa akizungumza, yeye alikuwa akiisikiliza feni inavyokwaruza, akijua kabisa ni beringi imekwisha.

Akaungama yote, hata hilo la beringi, kisha akacheka kwa aibu. "Mama, niandike mimi ndiye mshtakiwa. Nimejichongea mwenyewe, tena kwa miguu yangu."

Siku hiyohiyo akaifuta kesi, wakaongozana hadi kwa mama mkwe. Huko fundi alikaa akisikiliza tu, hakutia neno, mpaka mgonjwa akamnong'oneza binti yake: "Mwanangu, kwani mumeo naye anaumwa?"