Pilau ya Majibu ya Udongo

Naona aibu hadi leo kulisema hili, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaa wetu wa Gerezani wanaolisimulia huku wakicheka: nilisimama mbele ya mtaa mzima, mwiko mkononi, nikampakulia pilau mtu aliyeniulia mume, na yeye akanisogezea sahani akasema, taratibu kabisa, kama yuko kwao, "Shemeji, niongeze nyama basi."

Nikamwongeza. Ningefanya nini, na sufuria nimeileta mwenyewe?

Turudi nyuma. Marehemu mume wangu Hamisi alikuwa kibarua wa Shaibu, yule mwenye tanuri la kuyeyushia betri mbovu za magari, ukuta mmoja na nyumba tunayopanga. Wanapasua betri, wanatoa risasi (ile nzito ya ndani ya betri, siyo ya bunduki), wanaiyeyusha, na moshi wote unatua kwetu. Hamisi alianza na tumbo, akaja kusahau majina ya watu, akaja kutetemeka hadi chai ananyweshwa, akafa. Mimi niliyekuwa nafua nguo zake nimebaki, ila kiganja cha kulia kimelegea, mwiko naushika kwa mikono miwili. Shaibu alikuja msibani akasema ni kazi ya Mungu. (Mungu hana tanuri Gerezani.)

Ningenyamaza, lakini binti yangu Zuhura akapata mimba, na chumba chake ndicho kilichogusana na ule ukuta. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniambia tanuri halihamishwi kwa maneno matupu, aje mtaalamu aseme kama udongo wa uani una sumu. Ndipo akaja Dokta Kajembe na mwanafunzi wake, msichana mmoja mpole anaitwa Neema. Dokta akatueleza kwamba risasi kuwemo udongoni peke yake si hoja, kuna iliyojifunga ndani ya jiwe ambayo haimdhuru mtu sana, na kuna iliyo huru inayoingia mwilini, na kuzitofautisha lazima udongo uende ng'ambo kwenye mashine kubwa, upigwe mionzi, waone chembe ya risasi imezungukwa na majirani gani, wangapi, kwa umbali gani. Mimi niliishia darasa la nne lakini hilo nililielewa vizuri. Hata sisi wapangaji, mtu akitaka kutujua anauliza tunakaa na nani.

Neema ndiye aliyetakiwa kuujaza ule udongo kwenye vidude vya plastiki, vidogo kama kifuniko cha soda. Sasa Dokta alikuwa na haraka zake, simu haiishi kuita, akamwambia, "Mwachie mama atajaza, kwani hiyo nayo ni kazi ya chuo?" Neema akaninong'oneza niweke kidogo tu, nisambaze kama poda, nikamwambia sawa mwanangu, wakaondoka.

Nami nikabaki navyo. Jamani, mimi nimeuza mchele na maharage Kariakoo hadi mkono uliponikatalia. Pale kwetu mteja haondoki na kopo lililopelea, unajaza, unaligonga, unashindilia, halafu unamwekea na kichuguu juu ili akifika kwake asikutukane. Nikaviangalia vile vidude, vitupu, nikaona haya. Udongo unapanda ndege, wazungu wafungue wakute mama Zuhura kawapunja? Nikautwanga ukalainika, nikajaza, nikashindilia kwa kijiko, nikafunika na utepe. Dereva wa Dokta akaja kuvichukua kwenye mfuko. Neema hakuviona.

Basi siku ya majibu ilipotangazwa nikawa sishikiki. Kila niliyekutana naye nilimwambia Shaibu leo anahama (hata muuza maji nilimwambia, naye hakuwa ameniuliza), na nikapika pilau ya nyama sufuria kubwa, nikaibeba na Zuhura na tumbo lake hadi uani kwa mwenyekiti. Dokta akatandaza shuka jeupe ukutani, akawasha mashine yake, tukaona vidoti vinapanda na kushuka na mstari mwekundu umepita juu yake. "Mnaona ulivyolala vizuri?" akasema. Tukaitikia tunaona. Akasema basi, risasi ya uani ni ile iliyojifunga, haina madhara, watu wakae kwa amani.

Mtu nyuma akasema, "Mama Zuhura, kumbe ulikuwa unamchukia tu mwenzio." Wakacheka. Mwenyekiti akasema chakula kisiharibike. Nikapakua, na huyo Shaibu alipoomba nyama ile ya pili, nikiwa namwongeza, kiganja kikaniachia, mwiko ukaanguka na wali ukamwagikia viatu vyake, nikainama kuvifuta kwa kanga yangu. Kwa kanga yangu! Nilipoinuka Zuhura alikuwa ameshaondoka. Hakutaka kuniona hivyo.

Baada ya siku kadhaa Neema akaja peke yake. Shikamoo mama, marahaba, akakaa na kompyuta yake magotini, macho mekundu. Akaniambia ule mstari unaweza kulala juu ya vidoti hata kwa uongo, ukiuruhusu, kwa hiyo lazima uangalie namba zilizo chini yake kama ni za dunia hii. Namba za Dokta zilisema chembe moja ya risasi ina jirani nusu. Tena mahali pa kuanzia hesabu pamesogezwa mbali mno, ili tu mstari ukae. "Jirani nusu hayupo, mama. Ukimpata unasimama, unajiuliza umekosea wapi. Nilimwambia Dokta. Akasema watu wa mtaani hawasomi namba."

Halafu akaniuliza niliweka udongo kiasi gani. Nikamwambia, tena kwa kujisifu, kwamba nilishindilia hadi pomoni. Akafumba macho. Kumbe ukizidi unene mionzi inamezwa, yale mawimbi ya vidoti yanabonyea, na majirani wanaonekana wachache kuliko walivyo. Nikaanza kulia. Akanishika kile kiganja kibovu akasema, "Hujakosea wewe. Ile nusu ilitakiwa imlete Dokta hapa aje akuulize."

Hakuja. Neema amemwomba warudie upimaji, kajibiwa kwamba taarifa imeshafungwa. Zuhura amejifungua, mtoto wa kike, mdogo, analia kwa sauti ya chini, tunamlaza mbali na ukuta lakini chumba chenyewe kina umbali gani? Jana moshi uliingia tukiwa tunamwogesha.

Nimeapa sipiki tena chakula cha ushindi kabla sijaushika, na sishindilii tena kitu nilichoambiwa nisambaze. Kosa langu nimelibeba. Sasa Shaibu abebe lake, mwenyekiti aliyekula na kufunga mkutano abebe lake, na wewe Dokta Kajembe urudi palepale uani, utandaze shuka lilelile, utusomee na namba ulizozificha. Mtaa huu nimeukaa, majirani zangu nawajua kwa majina, wazima na waliokufa. Huyo nusu simjui. Njoo unionyeshe anakaa mlango gani.