Mavi ya Chuma

Nilirudi Uvira na diploma ya akiolojia niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo ugenini, na sioni haya kusema kwamba mjini hapa hakukuwa na macho mengine kama yangu. Kwa hiyo kampuni iliyotaka kujenga hoteli kule Songo, kwenye shamba la ukoo wetu, ilipotakiwa kuchunguza ardhi kabla ya kuchimba msingi, iliniita mimi. Nilifurahi. Pale ndipo babu yetu mhunzi alipoyeyushia chuma. Nilikusudia tanuru lake lizungushiwe ua na hoteli ijengwe pembeni.

Jioni moja, nyumbani kwa mdogo wangu katika mtaa wa Kilibula, tukila ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, niliwaeleza yeye na mama ninachotafuta: vigae, na hasa mavi ya chuma, yale makapi meusi mazito yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, alicheka hadi akakohoa.

"Yaya, weye umesoma miaka yote ile juu ya mavi?"

Nilicheka pia, nikamweleza hata upande gani wa shamba yamejaa. Sikujua kwamba wao walitaka kuiuzia kampuni shamba, na waliogopa kwamba ikisikia habari za tanuru itakimbia.

Siku ya ukaguzi enjenia wa kampuni alikuja na tingatinga nyuma yake, na mama na mdogo wangu wakasimama kama wenye shamba. Ardhi ilikuwa imefagiwa kama uwanja wa kanisa. Hakikubaki hata kipande.

"Yamekwenda wapi?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Minye nilisafisha tu. Mugeni anakuja, utaacha mavi mu kiwanja?"

Asiyesoma hajui kwamba udongo uliochomwa haufagiliki. Nilichukua jembe, nikachimba mwenyewe, na kwenye kina cha goti likatokea duara jekundu, gumu kama kigae.

"Enjenia, hili ni tanuru la babu yangu! Hapa hapajengwi."

Mdogo wangu hakubabaika. "Iko pahali pa kuchomea matofari tu. Bonde lote iko vile."

Enjenia alimgeukia mama. "Mama, ni kweli?"

Mama ndiye aliyenionyesha mahali pale nikiwa mtoto, akinikataza kupakanyaga na viatu. Alitazama ziwa.

"Ni matofari. Baba yao alichomaka matofari hapa."

Enjenia alinipigapiga begani, kisha akampungia mkono dereva wa tingatinga. Mama alipita karibu yangu.

"Kuja tule," alisema.

Nilibaki nimeshika jembe, nikamwacha aende na mtoto wake.