Salamu za Mlango wa Nyuma

Mama yangu alikuwa akisalimiana na marehemu baba kila jioni. Kwa mkono. Mbele ya macho yangu.

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, akimaliza anyamaze anisikilize.

Baba alikuwa fundi bomba. Nusu ya mabomba ya mtaa wetu yalipita mikononi mwake. Alirudi kutoka kazini jua likizama, na kwa sababu ya buti zake za matope, hakupita mlango wa mbele hata siku moja. Alizunguka uani akagonga mlango wa chuma wa jikoni. Mama anafungua, wanapeana mikono kama wachumba.

Na kila wakipeana mikono, baba alimtekenya kiganja kwa kidole kimoja.

"Acha utoto, watoto wanaona!" mama anasema, na mkono hautoi.

Baba alianguka kazini, spana mkononi. Moyo. Hakuugua, hakuaga.

Tukazika. Watu wakatawanyika, viti vya kuazima vikarudishwa, tukabaki watatu: mama, mdogo wangu wa kike, na mimi.

Haukupita muda nikaanza kuona mambo.

Jua likizama, mama anawasha taa ya jikoni, anavua ndala, anausogelea mlango wa nyuma na kuweka kiganja kwenye fremu ya chuma. Anafumba macho. Anatabasamu.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba yako amerudi."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Njoo umsalimie," akasema, taratibu, kama mtu anayekukaribisha chai. "Vua viatu kwanza. Ukivaa viatu hakutambui."

Nikavua. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi. Nikaweka mkono.

Jamani! Kitu kilinitekenya kiganja. Kidogo tu, kama mdudu anayetembea chini ya ngozi. Niliruka nikaangusha masufuria.

Mama akacheka. Tangu msiba, ndiyo mara ya kwanza niliyoona meno yake.

Asubuhi nilirudi pale peke yangu, miguu mitupu. Chuma kilikuwa kimya. Jioni nikagusa nikiwa na viatu. Kimya. Nikavua. Huyo, ananitekenya.

"Mchana yuko kazini," mama akanieleza, kama vile mimi ndiye mjinga.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Ngazi ya chuma iliwahi kugusa waya nikiwa juu yake, ikanitupa chini kama embe bichi, kwa hiyo ule mdudu wa chini ya ngozi nilimjua kwa jina. Hata pale kwenye fremu anapoweka kiganja palipochubuka kwa kuguswa, rangi imeisha chuma kinang'aa, nilitaka kupapaka rangi. Mama alinipokonya brashi.

"Mama, huo ni umeme. Kuna waya unavuja. Utakuua."

"Umeme hauna saa. Huyu anakuja jioni tu."

Nikavaa viatu vyangu.

"Naleta fundi."

"Leta. Akiugusa mlango ule, utafute mama mwingine."

Mdogo wangu akanivuta kando. "Kaka, mwache. Hali, halali, ana dakika zake chache tu za furaha. Unataka kumzika baba mara ya pili?"

"Bora kumzika yeye mara mbili kuliko kumzika mama mara moja!" nikafoka.

Siku ile nilijipakulia chakula mwenyewe.

Kisha mvua zikaanza.

Ukuta wa nyuma ukalowa, sakafu ya jikoni ikawa na unyevu mchana kutwa. Jioni moja mama akatoka mlangoni akiusugua mkono wake, uso umechangamka.

"Siku hizi amenikumbuka sana. Ananishika kwa nguvu."

Nikaitazama sakafu iliyolowa.

Kesho yake nikiwa kazini nilimpigia fundi umeme mmoja anaitwa Cheche. Usitishwe na jina. Mwenyewe husema anaitwa Cheche kwa sababu ya mdomo, nyumba ya mtu hajawahi kuunguza. Lakini nilipomweleza, mzaha ulimtoka.

"Kaka, sasa hivi piga nyumbani, wazime swichi kubwa. Mlango usiguswe mpaka nifike asubuhi. Na mtu akinaswa, usimshike. Ukimshika mnakuwa wawili. Kata umeme kwanza."

Nikampigia mdogo wangu, nikamweleza yote. Nilichosahau ni kwamba yule binti hajui kunong'ona.

Mama alisikia. Fundi anakuja asubuhi. Basi hii ndiyo jioni ya mwisho.

Nilifika nikihema. Taa ya jikoni inawaka. Mdogo wangu analia, amekaa kwenye kigoda.

"Kanikataza nisizime. Anasema anamuaga."

Na mama alikuwa amejiandaa. Amevaa kitenge kizuri. Kwenye beseni alikuwa amenawa mikono na miguu, hakujifuta, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Akaweka kiganja.

Safari hii hakutabasamu.

Vidole vyake vilijikunja vikaishika fremu. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Mwili wote ukawa unatetemeka, macho yananitazama mimi.

Mdogo wangu akaruka kumvuta.

"USIMGUSE!"

Nilimsukuma kwa bega akaangukia magunia ya mkaa. Mama ni huyu hapa, naweza kumfikia kwa mkono, na mimi nikamgeuzia mgongo nikakimbia. Kama kuna jambo gumu nimewahi kulifanya duniani, ni zile hatua za kuelekea sebuleni kwenye swichi kubwa.

Nikaivuta. Nyumba ikawa giza. Nikasikia kishindo jikoni.

Tulimkuta chini, anapumua. Mdogo wangu akakipakata kichwa chake. Kiganja kilikuwa kimeungua, na kikinuka vile kinavyonuka kitu ambacho sitakiandika hapa.

Neno la kwanza alilosema:

"Baba yenu hajawahi kuniumiza."

Kisha, taratibu sana:

"Kumbe si yeye."

Hospitali walimlaza, wakausikiliza moyo wake mpaka wakaridhika. Daktari alisema ana bahati. Mama akageukia ukutani. Bahati hiyo hakuitaka.

Aliporuhusiwa, Cheche alikuwa anatungoja nyumbani. Akamwamkia mama kwa heshima zote, akawasha umeme kidogo, akagusisha testa kwenye fremu. Kijitaa cha testa kikawaka, chekundu, kama jicho. Akazima tena swichi kubwa, akajaribu tena kuhakikisha kumekufa kabisa, ndipo akaanza kufukua.

"Waya umechukuliwa kwenye taa ya jikoni," akasema akiwa juu ya stuli. "Ndiyo maana jioni tu. Mkiwasha taa, na mlango unawaka. Na waya wa kwenda ardhini, ambao ungeumeza umeme kabla haujammeza mtu, umekatika siku nyingi. Ninyi wengine ndala za mpira ndizo zilikuwa zinawakinga."

Akachokonoa nyuma ya fremu, akavuta ncha ya waya. Akaitazama, akaguna.

"Mjinga gani kafanya hivi? Hii si tepu ya umeme. Hii ni ile nyeupe, ya kuzungushia koki zisivuje maji!"

Ilikuwa imefungwa kwa mizunguko iliyobana, na mwishoni imesokotwa kijimkia, ili siku ya kufungua isisumbue.

Kijimkia kile nilikijua. Kiko kwenye kila bomba la nyumba yetu.

Nilimkamata Cheche shati. "Rudia hilo neno. Rudia!"

"Kaka, kaka, nimekosa nini?"

"Mwachie," mama akasema.

Akasogea. Akaichukua ncha ile kwa mkono wa pili, ule usio na bandeji, akaugusa mkia mdogo wa tepu nyeupe.

"Ulikuwa unaelekea wapi waya huu?"

Cheche akaonyesha. Juu ya fremu kulikuwa na tundu limetobolewa mpaka nje, limezibwa kwa karatasi. Upande wa pili wa ukuta, chini ya tundu, kuna ngazi ya saruji ya kushukia uani.

"Alikuwa anapeleka taa nje, mama. Juu ya ngazi. Hakumalizia."

Mama akakaa kwenye kigoda.

"Niliteleza pale mvua za mwaka jana," akasema. "Nikamsumbua: nitilie taa, nitilie taa. Akasema, 'Subiri, utaona.' Nilidhani amesahau."

Basi alikuwa yeye.

Sisi sote tulikosea. Mama aliyesema ni mkono wa baba, na mimi niliyesema ni umeme tu. Mkono ulikuwa wake kweli. Alijua kuyazuia maji, akadhani na umeme utazuilika kwa tepu ileile. Zawadi aliyomwandalia mkewe nusura impeleke naye kaburini.

Cheche alifanya kazi bila mzaha hata mmoja. Alibadilisha waya, akachimbia fimbo ya shaba ardhini, akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Alipotaka kuziba lile tundu, mama akamzuia.

"Malizia taa yake."

Jioni ile ngazi ya uani iliangaza mara ya kwanza. Mama alivua ndala. Nikataka kusema kitu, Cheche akanitikisia kichwa: mwache, sasa ni salama.

Akaweka kiganja kwenye fremu.

Akangoja.

Akangoja.

Chuma kilikuwa chuma. Akaegemeza paji la uso pale, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

Wewe unayesoma: kama bomba, friji au mlango wako unakutekenya, usizoee, wala usiwaite watoto waje waone. Zima, ita fundi wa kazi hiyo, mwulize waya wa ardhini uko wapi. Fundi wa maji afunge maji. Mapenzi hayashiki mahali pa ujuzi, hata yawe makubwa kiasi gani. Ushairi hakunifundisha mtu, na ubeti huu nausimamia kwa kifua:

*Mtekenyo mlangoni, si salamu ni hatari,*
*Waya ukivuja ndani, ndiyo yake tahadhari,*
*Zima umeme nyumbani, umwite fundi mahiri,*
*Mpendwa yu kaburini, mkono wake u shwari.*

Nilimsomea mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, analikuna kovu la kiganja.

"Mstari wa mwisho, rudia."

Nikarudia.

Akaitikia kwa kichwa, kidogo. Kisha akavaa ndala zake, akawasha taa ya uani, akaufungua mlango kwa kitasa, kama mlango mwingine wowote.