Kuku wa Mosi Waliposhushwa Nyikani

Mosi alizaliwa Mlola, akaolewa Mlola, na mpaka anakuwa mama wa watoto watatu hakuwahi kulala mahali pasipohitaji blanketi. Mwaka 1974 mumewe, Zahoro, alijiandikisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa huko chini nyikani. Shamba lao la mlimani lilikuwa limegawanywa kwa ndugu hadi likabaki kijipande, na Zahoro alikuwa amechoka kulima ardhi iliyosimama kama ukuta.

Siku ya kuondoka, mama yake Mosi alileta tenga lenye jogoo na mitetea wanne.

"Nyumba isiwe kimya huko," alisema. Kisha akageuka kwenda kuchuma mboga. Hakusubiri lori liondoke.

Kule Mlola kuku walilala ndani, darini juu ya jiko, kwenye joto la moshi. Nyumba mpya za nyikani hazikuwa na dari, basi kuku wakawa wanalala chini, uani. Haikupita wiki, kicheche akachukua mtetea mmoja. Asubuhi Mosi alikuta manyoya tu, akalia mpaka Zahoro akashangaa.

"Kuku mmoja tu, mke wangu?"

"Alikuwa wa mama," Mosi alijibu.

Siku hiyohiyo Zahoro alianza kujenga banda kwa boriti za mkonge, akaliezeka nyasi. Ndani, karibu kabisa na paa, akapitisha fito za kulalia kuku. Alizimenya maganda na kuzilainisha kwa panga, akajivunia kazi yake. Lakini jioni kuku waliziangalia tu, wakajikusanya kwenye kona, chini. Mosi akawabeba mmoja mmoja na kuwapandisha. Miguu ikateleza, wakaruka chini kwa kelele.

"Wajinga hawa," alisema Zahoro.

"Ni wageni," alisema Mosi.

Kesho yake Mosi alikwenda mtoni, akakata miti minene kama mpini wa jembe, akaiacha na maganda yake ili kucha zipate pa kushika. Waliondoa zile fito laini. Mti wa kwanza waliufunga usawa wa goti, wa pili nyuma yake, juu kidogo, na wa tatu juu zaidi, kama vipandio vya ngazi ya darini kwao. Zahoro alishika ncha, Mosi akakaza kamba.

Jua lilipoanza kushuka, Mosi alichuchumaa mlangoni mwa banda akawaita kuku kwa Kishambaa, kwa sauti ileile ya mama yake. Jogoo alirukia mti wa chini, akasita, akapanda wa pili. Mitetea wakamfuata. Wakabanana kana kwamba kuna baridi, ilhali Mosi jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Umeona? Wamezoea," alisema Zahoro.

"Wao wamezoea."

Kutoka pale uani milima ilionekana yote, ya buluu, na wingu zito limeukalia upande wa Mlola. Mosi alikuwa akiutazama.

"Tukishapanda mahindi, nenda," alisema Zahoro taratibu. "Kaa na mama kadiri unavyotaka."

Alikwenda, watoto akawaacha na baba yao, akapanda kwa miguu pamoja na wanawake waliokuwa wakienda sokoni. Mama yake alikuwa amekonda. "Shikamoo, mama," alisema Mosi. Siku zile alizunguka migombani bila kazi maalumu, akigusa majani yaliyolowa ukungu. Usiku alijifunika blanketi hadi puani.

Asubuhi moja, wakimenya viazi, aliuliza, "Mama, nikirudi huku moja kwa moja?"

Mama yake alimaliza kiazi alichoshika. "Chumba chako kipo. Lakini tangu ufike, kila anayetoka bondeni unamuuliza kama mvua imenyesha huko kwenu."

Mosi hakuwa amelitambua hilo. Aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya.

Aliporudi, katikati ya mteremko, pale ambapo hewa hubadilika ghafla na kuwa ya moto, alikaa juu ya jiwe. Nyuma ukungu ulikuwa umeifunika njia. Mbele yake, mbali, mapaa ya kijiji yalimetameta kwa jua. Alikaa hapo, shuka alilopewa na mama yake likiwa mapajani, mpaka wenzake wa safari wakamwita.