Treni ya Katuba Ilikuwa Miye

Niseme mbio, nimalizane na haya: treni ya umeme ya Katuba, ile moya tu yenye bantu balionaka na macho yabo, ilikuwa miye. Miye mwenyewe, ndani ya karto ya frigo, ile boksi yake ya karatasi ngumu, yenye tulipakaa rangi ya majani, na fimbo imesimama juu ya kichwa, kuonyesha ule mukono yenye treni inagusaka nayo waya. Nilipita juu ya reli, mu barabara, nasema "puuu". Bantu balipiga mikono. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, naye alipiga mikono, na yake njo ilinipotezesha.

Mi nilikuwa planto mu biro moya mu ville, katikati ya muji. Planto ni muntu mwenye kubeba makaratasi toka mulango moya mpaka mulango ingine bila kuyasoma, na kazi ile ilinifaa sana, juu masomo niliachaka mu ya sita ya primeri. Lakini kucheza nilijua. Wakati ule ya parti moya, chama moya tu mu inchi yote, kila biro ilikuwa na kikundi yake ya animasyo, ya kuimba na kucheza mbele ya bakubwa, na kiuno yangu ilijulikana mpaka kule Makomeno. Kama bangetoaka diplome ya kiuno, leo ningekuwa profesere.

Bibi yangu, yeye alisoma kweli. Alikuwa mwalimu ku Likasi, muji ingine ya mbali, na batoto yetu babili, banamuke, baliikala naye. Mi niliikala Katuba, kartye moya ya Lubumbashi, mu nyumba yenye baba aliniachia. Siku ya posho, jumamosi, kama amepata kamyo, balikuya bote batatu juu ya mifuko ya makala ya kupikia, banashuka beusi, meno tu njo yanaonekana. Dimanshi balirudia. Ndoa yetu ilikuwa ile: kuoga, kula bukari, kuagana.

Aliombaka muda murefu bamulete afundishe Katuba. Siku moya jibu ikakuya: fasi iko, ku masomo yenye iko karibu na nyumba yetu, ajibu mbele ya masomo kufunguliwa. Lakini siku zile zile, kule Likasi, balianza kumuambia asema atakuwa direktrise, mukubwa wa masomo. Akaniuliza miye. Mwalimu muzima kuuliza planto.

Sasa, ile treni. Muntu moya mukubwa alitoka mu ville, akatukusanya ku terrain ya mupira. Asema batarudisha ka treni kadogo ka umeme, kenye bazee balikuwa banasimulia, ka behewa moya, kenye kalitembezaka bantu kati ya miji mbele banakasimamisha. Lakini mara hii katakuwa na akili zaidi. Katatoka Likasi juu ya reli kubwa, chini ya waya, na kakifika ku gare ya Lubumbashi katageuka, kataingia mu barabara sawa bisi, katapita kati ya manyumba mpaka soko ya Katuba. Asubuyi unaenda kutumika Likasi, mangaribi unakula kwako.

Musicheke. Haikukuwa ujinga. Waya ilikuwa pale, tuliiona kila siku, na chini yake treni ya kubeba shaba ilipita polepole, safi, bila moshi. Shaba ilisafiri na umeme. Bantu balisafiri juu ya makala. Kwa hiyo wakati yule mukubwa alisema asema kunabakia tu kale ka kipande ka mu barabara, na kale tutakafanya siye benyewe, niliruka wa kwanza.

Tulikafanya ku salongo, ile kazi ya bule yenye kila raia alipashwa kufanya siku ya posho. Tulichimba barabara, tukalalisha mbao, tukaweka juu yake reli ya zamani yenye balituletea na kamyo. Rafiki yangu, sudere wa ngambo ya barabara, mwenye tulikomaa naye tangu tukiwa batoto ya kuiba mayembe, njo alikuwa anaunga reli. Mi nilikuwa naimbisha. Kushika chepe, hiyo sikumbuke vizuri.

Siku ya kufungua ikafika, treni haina. Asema iko mu njia, inatoka ku bandari. Shefu wa selule, ule wa parti mu kartye yetu, akatuangalia siye ba animasyo, akasema basi mutaicheza. Haikutushangaza. Tulishachezaka mashamba ya mahindi yenye haikupandwa, tulishachezaka fabrike ya sabuni. Tukaunga karto mbili na kamba: miye mbele, kichwa ya treni, na sudere nyuma, behewa. Karto yangu ilitobolewa matundu mbili ya macho. Ya sudere haikutobolewa, juu behewa haiangaliake njia.

Tulicheza vizuri, na hapo sidanganye. Tulisimama ku arete, tukapakiza bamama ba uongo, tukashusha, tukaondoka tena. Yule mukubwa alicheka mpaka akapanguza machozi, akakata kitambaa, akapanda motokari yake, akaenda.

Bibi yangu alinikuta nyuma ya nyumba, jasho inanitiririka, rangi imenishika ku masikio. Alikuwa bado na vumbi ya makala mu nywele.

"Baba ya batoto, acha muchezo kidogo. Hii treni itakuya?"

"Si umekanyaga reli na miguu yako? Reli inalalaka mu barabara bule?"

Akacheka. Nilipendaka sana vile alikuwa anacheka. Ile juma akajibu bakubwa yake asema fasi ya Katuba baipe muntu mwingine, yeye atabakia Likasi.

Mvua ikaanza, ikaisha. Treni hapana. Nikamukokota sudere, tukaenda kumuuliza shefu wa selule, kwa heshima yote, mikono nyuma. Alikuwa anakula karanga.

"Treni gani tena, sitwayen? Treni si tulishaifungua? Ulikuwa ndani."

Akatuelezea polepole, sawa muntu anaelezea batoto, asema kintu yenye imefunguliwa mbele ya mukubwa iko, na mwenye anaiomba tena anasema mukubwa ni mwongo. Tulitaka kusema vile? Tukasema hapana, sitwayen shefu, juu wakati ule bote tuliitana sitwayen, raia. Mi nilimushukuru hata. Niliinama.

Na siye ba animasyo njo tulipashwa kujua kupita bote. Kintu yenye tumeshacheza, imeisha.

Reli ikaanza kwenda, moya moya. Kipande moya ikawa kengele ya kanisa. Ingine ikashika dari ya nyumba ya mama mwenye kuuza samaki ya Kilwa, ile Kilwa yetu ya ku ziwa. Udirektrise wa Likasi ukapewa shemeji ya muntu fulani. Na fasi ya Katuba ilipata mwalimu mwingine, kijana mwanamuke, muzuri tu, hana kosa. Kila asubuyi alipita mbele ya nyumba yangu na miguu, chaki mu mukono, na kila asubuyi alinisalimia.

Mutoto wetu mukubwa akashika kikohozi ya makala, haikumutoka. Mara ya mwisho balikuya, bibi yangu hakufungua hata mufuko. Asema hatapandisha tena batoto juu ya kamyo.

"Kama unatutaka, njia unaijua. Weye njo treni. Kuya."

Nilienda. Mara mbili, mara tatu, nafika mweusi, nalala, narudia mbio juu ya kazi ya biro. Mutoto mukubwa alinipa mukono sawa vile banasalimiaka enspektere ya masomo. Kisha nikaanza kukosa kamyo. Na kisha nikaanza kusema nimekosa kamyo.

Nilimusimulia sudere yote ile mu atelye yake. Alikuwa anagonga chuma juu ya kipande ya reli yetu, alishaigeuza enklime, fuawe yake. Nilisimulia na michezo yangu yote, na puuu yangu, nikangoja acheke. Hakucheka. Nikamuambia basi, usiniangalie vile, hata weye ulikuwa mu treni.

Akaweka nyundo chini.

"Mi nilikuwa nyuma, ndugu yangu. Nilikuwa mu giza, nimeshika mukaba yako, nakufwata. Matundu ya macho ilikuwa ku karto yako."