Magazini Mpya Haizoezwi Kama Chungu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikinusa mafuta ya nyonyo, mwanangu, na jana umenirudisha huko bila kujua. Ulikuja na sare yako mpya ya askari wa wanyama, ukanipa shikamoo, ukakaa, kisha ukaniuliza kama magazini mpya za bastola zinahitaji kuzoezwa kwanza kabla ya kuaminiwa. Nilicheka mpaka nikakohoa, ukadhani nakudharau. Sikukudharau. Swali hilo hilo nililijibu vibaya ujanani, nikakaribia kumuua kaka yangu.

Wakati huo Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na reli ilikuwa imefika Morogoro siku si nyingi. Mimi nilikuwa kijana wa ndevu tatu na majivuno ya ndevu mia, nasafisha silaha katika karakana ya boma. Mkuu wa karakana alikuwa mjomba wangu, Mzee Mloka, mhunzi aliyeshuka na nyundo yake kutoka mlimani. Na kwetu Waluguru, unajua, mjomba si mtu wa kuja harusini tu. Ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno.

Bastola ilikuwa ya Bwana, yule Mdachi mkuu wa boma. Magazini zake za zamani, vile vikasha vya chuma vinavyobeba risasi ndani ya mpini, zilikuwa zimeliwa na kutu ya masika. Zikaja mbili mpya kwa treni kutoka Dar es Salaam, zinang'aa. Mjomba akanipa, akasema, "Zipanguse, halafu uzijaribu." Akarudi kwenye tanuri lake.

Nikaanza kujaza ya kwanza. Springi ngumu hiyo! Risasi ya nane niliisukuma mpaka kidole gumba kikachubuka. Nikajiambia, hii bado mbichi, inataka kuzoezwa. Sasa sikiliza ujinga wangu. Mama yetu alikuwa mfinyanzi, na chungu chake kipya hakikupikiwa mboga siku ya kwanza. Alikipaka mafuta ya nyonyo, akakianika, akakipikia pumba, ndipo akakiamini motoni. Basi nami nikazitoa risasi, nikazipaka magazini zote mbili mafuta ya nyonyo, nje na ndani, mazito kama uji, nikazianika dirishani siku tatu, hapo karibu na jiwe la kunolea. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila nikipita nilizitazama, nikajiona fundi kuliko mjomba.

Siku ya nne Bwana akaletwa kwa machela kutoka upande wa juu wa Kilakala. Alikuwa amempiga chui risasi, lakini hakumuua. Chui akampasua mkono wa kulia, kisha akaingia korongoni kujificha, na chini ya korongo lile ndiko wanawake walikoteka maji. Chui aliyejeruhiwa hawezi kuachwa mahali kama hapo. Bwana akamwamuru Kibwana, kaka yangu wa tumbo moja aliyekuwa mbeba bunduki wake, aende akammalize. Vichaka mle vilikuwa vimefungana, bunduki ndefu haigeuki, kwa hiyo akampa bastola yake.

Kibwana akaingia karakana mbiombio. "Lete hizo mpya, mdogo wangu. Jua linakwenda."

Nikampa huku natabasamu. Mjomba akainua kichwa.

"Umezijaribu?"

"Nimezizoeza, Mjomba."

"Sikukuuliza hilo. Zimepigwa risasi?"

"Hapana, Mjomba. Lakini nimezipaka mafuta siku tatu, kama mama anavyofanya vyungu vyake."

Mjomba akaweka nyundo chini taratibu, akazichukua magazini mkononi mwa Kibwana. Kaka akalalamika kwamba kule watu wanateka maji. Mjomba akamjibu, "Tuma mtu awazuie njiani. Wewe hutoki hapa." Akaomba ruhusa kwa Bwana, tukaenda nyuma ya karakana penye mgomba uliokwisha kuzaa, akamwambia Kibwana aupige.

Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, ukasikika mlio mkavu tu, ta! Mjomba akaifungua magazini ile kitako. Mafuta yangu yalikuwa yamekamata vumbi la jiwe la kunolea, yamekuwa tope la kijivu, na springi imenasa ndani yake. Risasi haikupanda.

Kibwana aliingiza kidole kwenye tope lile, akanionyesha. Afadhali angenitukana.

Mjomba ndiye aliyesema. "Chungu ni udongo, kina la kujifunza motoni. Springi imetoka kwa fundi wake na kazi yake inaijua. Ama inafanya kazi leo, ama haifanyi, na wewe uliwekwa hapa ujue ni lipi kati ya hayo. Nyinyi wawili ni watoto wa dada yangu. Ningepanda mlimani kumwambia nini?"

Tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukazikausha kwa kitambaa mpaka kikatoka kikavu. Ya kwanza ikapitisha risasi zote nane bila kukwama, na ugumu wake ulikuwa ule ule. Kumbe ilikuwa nzima tangu ilipofika, ni mimi niliyeitia ugonjwa. Ya pili, hata baada ya kuoshwa, ikakwama kwenye ya tano. Mjomba akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha mdomo wake umepinda tangu ilikotoka. "Hii ungeizoeza mpaka ndevu zako ziwe nyeupe," akasema, akaitupa kwenye vyuma vibovu.

Kibwana akaenda na ile moja. Mimi nikaketi kizingitini, masikio yote mlimani. Nikasikia mlio mmoja. Kisha miwili. Kisha kimya, na kimya kile sijakisahau. Kisha miwili tena, ya haraka. Halafu basi.

Kabla ya magharibi akatokea, amechanwa na miiba, nguo zina damu isiyo yake.

"Ya tano ndiyo iliyomlaza," akasema. "Alikuwa hatua mbili."

Ya tano, mwanangu. Na mimi nilikuwa nimempa magazini ya kufia kwenye ya tatu! Nililia pale pale mbele za watu, nikacheka, nikalia tena, mwili wote umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kutoka Gairo. Kibwana akanishika bega. "Magazini hujui kuzoeza," akasema, "lakini ugali natumaini unajua kusonga. Nina njaa." Nikasonga. Sijapata kuona raha ya kumtazama mtu akila kama siku ile. Kiboko cha boma kilikuwa hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, lakini mjomba hakunipeleka kwa Bwana. Alisema nimekwisha kuchapwa.

Basi jibu lako ndilo hilo. Magazini mpya haihitaji kuzoezwa. Inahitaji kusafishwa, kukaushwa na kupigwa risasi zake zote, tena mahali ambapo ikikwama hakuna anayekufa. Ikikataa, usiibembeleze ukisema itazoea, itupe. Na si magazini peke yake. Rafiki mpya, daraja jipya, hata cheo hicho kipya ulichonacho, vijaribu mapema na mahali padogo. Ukiulizwa kama umejaribu, jibu ulichoulizwa. Ukiwa hujajaribu, sema hujajaribu, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine humuumbua kwa kumchukua ndugu yake.

Nenda, mwanangu, na kheri ya wazee wa mlimani iwe nawe. Mungu akujalie silaha usiyolazimika kuitumia, na mjomba wa kukuuliza swali kabla hujatoka. Na kila uingiapo porini, akurudishe nyumbani una njaa.